Irving Langmuir, mkemia wa kiwanda cha balbu aliyefumbua siri ya rangi kushika kwenye plastiki

Na Mwandishi Wetu

WAUZAJI wa vipuri vya magari na wasafirishaji wanaifahamu vizuri hasara hii. Bampa jipya linafungwa kwenye gari, linapigwa rangi, linang'aa kama limetoka kiwandani, na baada ya miezi michache rangi inaanza kubanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anailaumu rangi, muuza rangi anadai bampa ni feki, na aliyeliagiza kutoka nje anarudishiwa mzigo wake.

Mara nyingi rangi ni nzuri, fundi ni mzoefu na bampa si feki. Kilichokosekana ni matayarisho ya uso wa plastiki, yaani lile tabaka la juu kabisa ambalo ni jembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona. Viwanda vya magari vinalijua jambo hilo. Ndiyo maana bampa la plastiki halipigwi rangi kiwandani kabla ya kupitishiwa moto wa gesi, au gesi iliyotiwa umeme, au kupuliziwa dawa ya kushikisha rangi.

Sehemu kubwa ya elimu iliyo nyuma ya kazi hiyo ilitoka kwa mtu ambaye ajira yake ilikuwa kwenye kampuni ya umeme, si ya magari. Jina lake ni Irving Langmuir, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932. Maisha yake yanafaa kusomwa na kila anayenunua, kuuza au kusafirisha vitu vya plastiki, kwa sababu yanaonyesha jinsi kitu kisichoonekana kinavyoweza kuamua faida na hasara.

Kijana wa miwani

Langmuir alizaliwa Januari 31, 1881 katika mtaa wa Brooklyn, New York, akiwa mtoto wa tatu kati ya wavulana wanne. Baba yake alifanya kazi ya bima, na kazi hiyo iliipeleka familia Paris, Ufaransa, ambako Irving alisoma kwa miaka mitatu kabla ya kurudi Marekani.

Hadi alipofikisha miaka 11 hakuna aliyegundua kwamba macho yake yalikuwa dhaifu. Alipopewa miwani alianza kuona vitu vidogo vidogo ambavyo hakuwahi kuvijua, na tangu hapo hamu ya kutazama kwa makini haikumtoka. Wazazi wake walimzoeza kuandika kila alichokiona. Kaka yake mkubwa, Arthur, ambaye alikuja kuwa mkemia, ndiye aliyemvuta kwenye sayansi.

Mwaka 1903 alihitimu shahada ya uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kisha alikwenda Göttingen, Ujerumani, ambako mwaka 1906 alipata shahada ya udaktari chini ya Walther Nernst, mmoja wa wakemia wakubwa wa enzi ile. Utafiti wake ulihusu yanayotokea kwa gesi zinapogusa waya wa moto unaong'aa. Wakati ule ulionekana ni mada ya darasani tu, lakini ndiyo iliyokuja kumpatia riziki.

Aliporudi nyumbani alifundisha kemia katika chuo kimoja cha Hoboken, New Jersey. Mzigo wa masomo ulikuwa mkubwa na nafasi ya utafiti ndogo. Likizo ya mwaka 1909 aliomba kibarua cha miezi michache katika maabara ya kampuni ya General Electric iliyoko Schenectady, katika jimbo la New York. Hakurudi tena chuoni. Alibaki kwenye maabara hiyo hadi alipostaafu mwaka 1950.

Balbu iliyokuwa ikiingia weusi

Wakati huo General Electric ilikuwa na tatizo la kibiashara. Balbu mpya zenye waya wa tangsteni zilitoa mwanga mzuri kuliko zile za kaboni, lakini kioo chake kiliingia weusi kwa ndani na mwanga ukafifia kabla ya wakati. Wengi waliamini chanzo ni hewa kidogo iliyobaki ndani ya balbu. Dawa iliyofikiriwa ilikuwa moja: kuinyonya hewa zaidi na zaidi.

Langmuir alifanya kinyume. Badala ya kutoa hewa, alianza kuingiza gesi mbalimbali ndani ya balbu kwa makusudi, moja baada ya nyingine, ili aone kila moja inaleta madhara gani. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu bila kuzaa bidhaa. Yeye mwenyewe aliingiwa na wasiwasi kwamba anakula fedha za kampuni bure, akamweleza hivyo mkuu wa maabara, Willis Whitney. Whitney alimtaka aendelee na asijali habari ya faida.

Jibu lilipatikana. Weusi ule haukutokana na hewa iliyobaki. Ilikuwa ni tangsteni yenyewe, iliyokuwa ikigeuka mvuke kutoka kwenye waya wa moto na kwenda kuganda kwenye kioo. Kumbe kuongeza ombwe kusingesaidia kitu. Kilichohitajika ni gesi isiyodhuru waya, yenye kuzuia mvuke huo usitoke haraka. Mwaka 1913 Langmuir alitengeneza balbu iliyojazwa naitrojeni, na baadaye ikatumika agoni. Aidha, aliusokota waya kama springi ili gesi isiupoze kupita kiasi. Balbu kubwa za aina hiyo zilitumia karibu nusu ya umeme kwa mwanga uleule ukilinganisha na zile za ombwe. Hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1916.

Kwa mfanyabiashara, hapa kuna funzo la kwanza. Kampuni ambayo ingemlazimisha mtafiti alete bidhaa ndani ya miezi mitatu ingeishia kununua pampu bora zaidi za kunyonya hewa, na tatizo lingebaki palepale.

Mafuta juu ya maji

Katika majaribio ya balbu, Langmuir aligundua jambo lililomshangaza. Gesi iliyogusa kioo au chuma haikurundikana ovyo. Ilijipanga juu ya uso kwa tabaka moja tu la atomu au molekuli, kisha ikaacha kushika. Mfano mwepesi ni basi la masafa marefu lisiloruhusu abiria kusimama. Viti vikijaa, anayefika mlangoni anarudi. Kati ya mwaka 1916 na 1918 aliandika kanuni ya hesabu inayoonyesha viti hivyo vinajaa kwa kiasi gani, na kanuni hiyo inafundishwa vyuoni hadi leo kwa jina lake.

Baada ya hapo aligeukia mafuta na maji. Kabla yake, mwanamke wa Kijerumani aitwaye Agnes Pockels, ambaye hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu, alikuwa amebuni nyumbani kwake Braunschweig beseni la kupima utando wa mafuta juu ya maji. Barua yake kwa mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, ilichapishwa mwaka 1891. Langmuir alikiendeleza kifaa cha namna hiyo, akaweka kizuizi kinachoelea ili apime nguvu ya utando, na mwaka 1917 akatoa matokeo yake.

Alionyesha kwamba tone la mafuta likimwagwa kwenye maji yenye nafasi ya kutosha linatandaa mpaka linakuwa tabaka la molekuli moja. Unene wake ni takriban milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja, na kwa baadhi ya mafuta mara mbili au tatu ya hapo. Muhimu zaidi, alieleza molekuli hizo zimesimamaje. Kila molekuli ya asidi ya mafuta ina kichwa chenye oksijeni na mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni. Kichwa kinapenda maji, hivyo kinazama na kushika. Mkia hauyapendi maji, hivyo unasimama juu hewani.

Msomaji ashike hapo: kichwa chenye oksijeni hushika, mkia wa kaboni na haidrojeni haushiki. Habari yote ya bampa imo ndani ya sentensi hiyo.

Kazi hii hakuifanya peke yake. Katharine Blodgett, aliyeajiriwa maabara ile mwaka 1918 na ambaye mwaka 1926 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia Chuo Kikuu cha Cambridge, alibuni njia ya kuyahamisha matabaka hayo kutoka kwenye maji hadi kwenye kioo, moja juu ya jingine. Mwaka 1938 alitangaza kioo kisichoakisi mwanga, kilichopakwa matabaka 44 ya namna hiyo. Wakati huo Langmuir alikuwa ameshapokea Nobel yake kwa kazi ya kemia ya nyuso.

Gesi inayobeba umeme

Mchango wake wa pili katika habari yetu ni jina. Gesi ikipitishiwa umeme wa nguvu ya kutosha, baadhi ya atomu zake hupoteza elektroni, na gesi nzima inakuwa mchanganyiko wa chembe zenye chaji. Ndicho kinachong'aa ndani ya taa za matangazo za neoni, na ndicho kilicho ndani ya radi.

Langmuir na wenzake walikuwa wakiichunguza hali hiyo miaka ya 1920 na walikosa neno la kuiita. Mmoja wao, Harold Mott-Smith, alisimulia baadaye kwamba Langmuir aliifananisha na damu. Kama maji ya damu yanavyobeba chembe nyekundu na nyeupe, ndivyo gesi hiyo inavyobeba elektroni na chembe nyingine. Akaiita plazma, na jina hilo likaingia kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 1928. Pia alibuni waya mdogo wa kuchomeka ndani ya plazma ili kuipima, na kipimo hicho kina jina lake.

Kutoka beseni la maji hadi bampa

Langmuir alifariki Agosti 16, 1957 huko Woods Hole, Massachusetts, kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka huohuo kampuni ya Montecatini ya Italia ilianza kuzalisha kibiashara polipropilini, plastiki iliyotokana na utafiti wa Giulio Natta. Mabampa ya chuma yalipoanza kupisha ya plastiki miaka ya 1970 na 1980, polipropilini iliyochanganywa na mpira ilikuja kuwa malighafi kuu ya kazi hiyo.

Sababu za kuchaguliwa ni za kiuchumi. Ni nyepesi, ni rahisi kwa bei, haipati kutu, inavumilia maji ya betri, na ikigongwa kidogo inarudi. Lakini ina kasoro moja. Molekuli yake ni kaboni na haidrojeni tupu. Kwa lugha ya Langmuir, ni mkia mtupu usio na kichwa. Rangi na gundi zikifika hazipati mahali pa kushika, kama vile maji yanavyojikusanya matone juu ya kitu kilichopakwa nta.

Viwanda hupima jambo hili kwa wino maalumu wenye namba. Polipropilini ambayo haijatayarishwa huwa kwenye kiwango cha 30 hivi. Kwa rangi au gundi kushika vizuri, kwa kawaida hutakiwa ifike karibu 40 au zaidi.

Njia ya kuipandisha ni kuipa vichwa. Roboti hupitisha moto wa gesi wenye hewa ya ziada juu ya bampa kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja kwa kila sehemu. Oksijeni ya kwenye moto inaungana na molekuli za juu, na mkia unapata vichwa. Moto ukikawia plastiki inapinda au kuyeyuka, ukienda mbio hakuna kilichofanyika. Njia nyingine ni plazma, ambayo zamani ilihitaji chumba kilichonyonywa hewa. Tangu miaka ya 1990 ipo ya kupuliza kwa mdomo mdogo katika hewa ya kawaida, na roboti huielekeza mahali hasa panapohitajika.

Taa za mbele ni mfano mzuri. Kioo chake siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na boksi la nyuma mara nyingi ni polipropilini. Viwili hivyo huunganishwa kwa gundi kwenye mfereji mwembamba unaozunguka taa. Mfereji huo usipotayarishwa, gundi inaachia, unyevu unaingia, na dereva wa usiku anaendesha na taa yenye ukungu.

Katika kazi zote hizo kinachobadilika ni unene wa milimita chache zilizogawanywa mara milioni moja. Plastiki iliyo chini yake inabaki ileile, kwa uzito uleule na nguvu ileile.

Kinachomhusu mnunuzi

Matayarisho haya yana tabia ambayo wasafirishaji na wenye maghala wanapaswa kuijua. Hayadumu yakiachwa wazi. Baada ya siku au wiki kadhaa vichwa vile hugeuka ndani au hufunikwa na uchafu, na uso unarudia hali yake ya mwanzo. Kwa hiyo kiwandani bampa likishapitishiwa moto hupigwa rangi mapema. Likishapakwa rangi ya msingi, kazi imefungwa na linaweza kusafiri.

Anayeagiza mabampa aulize swali moja kabla ya kulipa: je, yanakuja na rangi ya msingi kutoka kiwandani, au ni plastiki tupu? Kama ni tupu, bei yake ya chini si faida yote. Gereji italazimika kuyaosha kwa sabuni kuondoa mafuta yaliyotumika kuyatoa kwenye kalibu, kuyapiga msasa laini, na kuyapulizia dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki kabla ya rangi nyingine yoyote. Msasa peke yake hautoshi, kwa sababu kukwaruza mkia hakuupi kichwa. Wala fundi asijaribu moto kwa mkono, maana kati ya kutayarisha na kuharibu kuna nafasi ndogo sana.

Maji safi ni kipimo cha bure. Yakimwagwa kwenye plastiki tupu iliyooshwa vizuri, yakatengeneza matone ya mviringo, uso huo hauko tayari kupokea rangi. Yakitandaa kama utando, hali ni nzuri zaidi.

Kwa macho ya uchumi, hesabu ni nyepesi. Kiwandani matayarisho ni kazi ya sekunde. Yakirukwa, gharama inakua kila mzigo unapovuka mkono mmoja kwenda mwingine, na anayeilipa yote ni wa mwisho, yaani mwenye gari au fundi aliyetoa dhamana kwa mdomo.

Alipoteleza

Langmuir hakuwa malaika wa sayansi. Mwaka 1946 msaidizi wake, Vincent Schaefer, aligundua kwamba barafu kavu ikimwagwa kwenye wingu la baridi inaweza kuzalisha theluji. Langmuir, ambaye sasa alikuwa amepita miaka 65, aliivamia habari hiyo kwa nguvu zote. Oktoba 1947 kundi lao, likishirikiana na jeshi, lilimwaga barafu kavu kwenye kimbunga kilichokuwa baharini mashariki ya Florida. Kimbunga kikageuka na kupiga pwani ya Georgia, karibu na Savannah.

Langmuir aliamini ni wao waliokigeuza. Wataalamu wa hali ya hewa waliochunguza kumbukumbu waliona kilikuwa kimeanza kugeuka kabla ya ndege kufika. Alishikilia msimamo wake, na hata madai yake ya baadaye kuhusu mvua hayakuwashawishi wataalamu wengi wa fani hiyo. Ajabu ni kwamba mwaka 1953 yeye mwenyewe alitoa mhadhara wa kuwaonya wanasayansi juu ya tabia ya kuona wanachotaka kukiona.

Tofauti kati ya Langmuir wa balbu na Langmuir wa kimbunga haikuwa akili. Kwenye balbu aliweza kuondoa gesi moja na kuweka nyingine mpaka apate jibu. Kimbunga hakirudiwi mara ya pili kwa kulinganisha. Mfanyabiashara anayesifia rangi mpya kwa sababu bampa moja limedumu anafanya kosa lilelile.

Mwaka 1985 chama cha wakemia wa Marekani kilianzisha jarida la sayansi ya nyuso na kulipa jina la Langmuir. Wengi wetu hatutalisoma. Lakini kila bampa linalofika bandarini likiwa na rangi iliyoshika, na kila taa inayovuka mpaka usiku wa mvua bila kuingia ukungu, imepitia mikononi mwa mtu aliyejali lile tabaka moja la juu. Kwa mnunuzi inabaki kuhakikisha kwamba mtu huyo alikuwepo kweli, kabla fedha hazijatoka.